Majina Yana Wenyewe

Kambini, 2 Machi

Bibi, shikamoo.

Mimi mzima, ila macho yananiwasha jioni kwa ajili ya moto wa kuchomelea, na hapa hakuna asiyewashwa. Nawasalimia wote: mke wangu, shangazi, na fundi saa anayekusomea barua hii. Mwambie asome polepole.

Kazi inakwenda. Tumeunga bomba mpaka kilima cha pili. Simu bado hazishiki, barua zinakuja na kuondoka na lori la vyakula, kila baada ya wiki mbili au tatu njia ikiwa kavu. Mkataba wangu unaisha Novemba, na kabla ya hapo hakuna kutoka.

Shida yangu ni moja. Mtoto tunamtarajia Juni, na daktari wa picha alisema ni wa kiume. Kwetu baba ndiye anayetoa jina, nami sina. Kila nikifikiria moja nakuta kambini kuna watatu wanaitwa hivyo. Nataka jina ambalo halijachakaa. Wewe mji mzima unakuita Bibi Majina, na wodi ya wazazi umeifanyia kazi miaka thelathini na moja. Nipe machache yasiyo ya kawaida, unieleze na maana yake na yalikotoka, nami nitachagua.

Mjukuu wako, mume wako.

*

Nyumbani, 21 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba, marahaba kabisa. Mimi nipo, nakula, nalala, ila goti la kulia limeamua kuwa na mambo yake. Shangazi yako hajambo, anakusalimia, ingawa kaninunia kwa sababu kuku wangu katagia kwenye beseni lake la nguo safi. Sasa mimi nimwambie nini kuku? Mke mwenzangu naye hajambo. Tumbo linatangulia, yeye anafuata nyuma. Siku hizi analala sakafuni ukumbini maana pana ubaridi, nami nikienda chooni namruka kama mwizi. Hasemi sana, unamjua mwenyewe. Ukimuuliza chai, ndiyo. Ukimuuliza uji, ndiyo.

Kabla sijasahau. Barua ile ya mwaka jana nilitamka asubuhi nzima, ukanijibu mistari minne, nikasema huyu mume kanichoka. Kumbe fundi saa alikuwa ananipunguza! Eti, "Mama, nilifupisha." Nikamwambia mimi ni mkanda wa saa mpaka unifupishe? Leo andika kila neno litakalotoka kinywani mwangu, hata nikikohoa andika amekohoa. Kaapa. Amekohoa. Unaona? Kaandika. Haya.

Majina. Ninayo, sikufichi, nina majina kama mchanga.

Kuna Feruzi. Feruzi ni jiwe la thamani, rangi yake samawati, na fundi anasema neno lenyewe limetoka Uajemi, yeye aliwahi kulirudishia kwenye pete ya mtu lilipodondoka. Huyo Feruzi wangu alizaliwa Jumanne asubuhi, mama yake muuza mkaa, mwenye vumbi la mkaa mpaka kwenye kope, na mtoto midomo na kucha zake zilikuwa na rangi hiyohiyo ya jiwe. Mzuri! Nikasema huyu ni Feruzi.

Kuna Tufani. Upepo ulibeba mabati mawili ya paa la wodi, wazazi tukawahamishia kwenye korido, yeye akatoka katikati ya zogo hilo, mkunga kamshika kwa mkono huu na pazia kwa mkono huu. Kuna Kibatari. Umeme ulikatika, jenereta ikakohoa ikanyamaza. Fundi, si mimi niliyekohoa, ni jenereta! Basi mama yake alijifungua kwa kibatari cha mlinzi, na yule mlinzi kageukia ukutani anatetemeka kuliko mwenye uchungu. Kuna Sudi, yaani bahati, ni Kiarabu hicho, siku hizi hulisikii. Mama yake alikuwa na wasichana sita. Alipoambiwa dume alicheka mpaka daktari akamkataza. Kuna Faraji, nafuu baada ya dhiki. Uchungu wake ulikuwa wa siku tatu. Kuna Marijani, lile jiwe jekundu la baharini, huyo alikuwa na alama shavuni. Kuna Adhuhuri. Kuna Kipepeo, mwepesi huyo, ukimbeba unajiuliza kama umembeba. Kuna Chozi, hilo usichukue.

Nina mengine mengi, fundi anasema karatasi inakwisha, nami namwona anaangalia saa, na saa anazo arobaini ukutani na hakuna mbili zinazokubaliana.

Usichague haraka. Na ukichagua, niandikie kwanza kabla hujamwambia mtu.

Mkeo mkubwa.

*

Kambini, 9 Aprili

Bibi, shikamoo.

Sisi wazima. Mvua imeanza, lori limekwama mara mbili, tumekula maharage siku tisa mfululizo na mpishi anasema ya kumi ni yaleyale.

Nimechagua. Feruzi. Nilisoma barua yako mbele ya wenzangu na wote wakalipenda, sasa wananiita Baba Feruzi mpaka msimamizi naye ananiita hivyo. Najua ulisema nikuandikie kwanza, lakini lilinitoka mdomoni.

Huyo Feruzi wa muuza mkaa sasa ni mtu mzima, siyo? Yuko wapi? Nikirudi ningependa kumwona, nimwonyeshe mwenzake.

Mwambie mke wangu aniandikie hata mstari mmoja. Au aseme nawe uandikiwe kwa fundi.

*

Nyumbani, 29 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Pole na maharage. Sisi hatujambo. Goti limehamia la kushoto, la kulia linapumzika, wanapokezana kama walinzi. Yule kuku kaatamia, shangazi yako kasalimu amri, beseni lake sasa ni nyumba ya watu.

Feruzi hapana.

Usininunie. Nimefikiri nikaona halifai. Kulikuwa na Feruzi mmoja mwizi wa baiskeli, aliiba ya mwalimu akaipaka rangi akamuuzia mwalimu huyohuyo. Jina kama hilo unampa mtoto ili aende wapi? Na tena ni jina la pete. Mwanamume anaitwa pete? Wenzako waambie wasubiri, waendelee kukuita wewe kama ulivyo.

Ukaniuliza huyo wa muuza mkaa sasa yuko wapi. Ah. Watoto wanatawanyika, mume wangu. Mimi nitajuaje.

Mkeo hajambo. Andika hajambo, fundi. Hilo la hospitali usiliandike, mama mtoto kaniapisha. Ndiyo fundi, mtoto katoka kabla ya wakati wake, miezi saba na siku zake, kilo moja na gramu mia nne, kuku wangu ana uzito kuliko yeye. Yuko kwenye kisanduku cha kioo na mpira puani. Baba yake akisikia huko milimani atafanya nini zaidi ya kujiunguza mkono? Hawezi kuja. Kwa hiyo hilo liache, tusimtie mtu kaa la moto kifuani halafu tumwambie akae. Andika: mkeo hajambo, anakula vizuri, anakusalimia. Umeandika? Haya.

Jirani yetu wa ukuta mmoja kapaka nyumba rangi ya kijani, ya kutisha, tunakaa kama tuko ndani ya tango.

Ngoja nikutafutie jina jingine. Usilichague wewe. Ngoja.

Mkeo mkubwa.

Mimi ni fundi saa. Mama ameniagiza mawili: andika kila neno, na hili usiliandike. Nimeshika la kwanza, maana nami nimezaa. Mtoto alizaliwa tarehe 24. Anisamehe mama, na wewe unisamehe.

*

Kambini, 17 Mei

Bibi,

Shikamoo. Barua yako imevushwa leo kwa kamba ya vifurushi, lori liko ng'ambo ya mto na linaondoka baada ya saa moja.

Nimekwenda kwa msimamizi. Hati zetu za kusafiria ziko kwenye sefu yake, na ufunguo anao mkubwa wake ambaye hayupo. Nikasema nitatoka kwa miguu. Akaniuliza kwa upole tu, "Utoke kwenda wapi? Daraja limechukuliwa na maji tangu Jumapili." Ni kweli, nimeliona. Nimerudi kuchomelea. Nimechomelea vibaya, wamekata wanarudia.

Mwanangu ana siku ishirini na tatu na hana jina. Mpeni jina! Hutaki Feruzi, basi mwite Sudi. Mwite Tufani. Mwite Kibatari, mimi sijali, lolote katika yale. Bibi, kwa nini unanipa majina halafu unaninyima? Sijawahi kukukosea adabu na leo sitaki kuanza, lakini niambie. Niambie na ukweli wa hali yake, bila mwizi wa baiskeli.

*

Nyumbani, 5 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Salamu leo fupi. Wote tupo.

Fundi nilimnunia siku mbili, nikaona sina mwingine. Tumepatana. Leo namwambia andika kila neno, na sina la kumwambia asiandike.

Hali yake. Anapumua. Ameongeza gramu mia mbili akapunguza sabini. Moyo wake una tundu ambalo lilitakiwa lijifunge lenyewe na halikujifunga, lazima likazibwe hospitali kubwa, hapa hawawezi. Hospitali kubwa wanasema kwanza anenepe kidogo, na yeye hanenepi kwa sababu ya tundu. Nimewauliza sasa nani aanze? Mkeo analala kwenye benchi la nje ya wodi, anakamua maziwa kwenye kikombe, sista anampa mtoto kwa mpira, matone, unaweza kuyahesabu. Mimi naenda kila siku na chupa ya uji. Nilimwambia yule sista, binti, mimi sakafu hii nimeifagia miaka thelathini na moja. Akasema, "Hongera bibi, simama nyuma ya mstari." Wamechora mstari mwekundu. Zamani haukuwepo. Basi nasimama nyuma ya mstari namtazama kwenye kioo. Ana masikio yako, pole yake.

Sasa la majina.

Mimi sikuwa mkunga. Watu wakisikia Bibi Majina wanadhani nilikuwa mkunga, na wewe nimekuacha udhani. Nilikuwa na fagio, ndoo mbili na beseni la bati. Mtoto akizaliwa mzima, baba yake huyo kaja, bibi zake hao, majina yanagombaniwa mpaka mlangoni, mimi nafagia sina neno. Lakini kuna waliokuwa hawangoji. Anakuja asubuhi, mchana kaondoka, baba bado yuko njiani na jina mfukoni. Huyo mkononi ana plasta imeandikwa mtoto wa kiume wa, halafu jina la mama. La kwake hana. Na kumpeleka kile chumba cha mwisho wa korido ilikuwa kazi ya mfagiaji.

Ile ya kwanza sikuweza. Korido ndefu, nimebeba mtu, hata jina la kumwita sina. Nikamnong'oneza jina. La kawaida tu, la mjomba wangu. Nikaona miguu inakwenda. Basi ikawa hivyo. Wa kike nao niliwapa, lakini wa kiume walikuwa wengi, masista walikuwa wanasema wa kiume ndio dhaifu wakiwa wadogo, wewe huamini ukiwaona walivyo wakishakuwa wakubwa. Sista mmoja mnene alinisikia siku moja, ndiye aliyeanza kuniita Bibi Majina, nami nilikuwa bado msichana mgongo umesimama wima. Watu wakalidaka bila kujua wamedaka nini.

Na sikurudia. Nilisema kila mmoja awe na lake. Ndiyo maana majina yangu si ya kawaida, mume wangu. Yale ya kawaida yalikwisha mwaka wa kwanza.

Feruzi aliishi tangu saa tatu mpaka saa saba. Ile rangi ya kucha ilikuwa ni pumzi haifiki. Tufani hakulia kabisa. Kibatari, umeme uliporudi tukaona kumbe yeye hakurudi nao. Sudi, mama yake alikuwa bado anacheka. Adhuhuri jina linakuambia saa aliyoondoka. Mimi nilikutajia kwa furaha, nakuapia, niliona raha, maana miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza majina yao. Ulivyouliza nikafungua mdomo kama mtu anayetaja wajukuu zake. Nilikuwa sijui utataka kumchukua mmoja.

Sasa nimvue nani nimpe huyu? Na nikimpa, wakati namtazama pale kwenye kioo, mimi najua mwenye jina alikwenda wapi, nilimpeleka kwa mikono hii. Siwezi. Na jipya sijui kulitunga. Mtoto aliye hai sijapata kumpa jina hata mmoja, hata wangu niliowazaa, babu yako ndiye aliyetoa. Kinywa changu hakijazoea njia hiyo.

Kwa hiyo tafuta wewe. Lako mwenyewe, lisitoke kwangu. Na fanya upesi. Sista kaniambia plasta wanaibadilisha kila ikilowa, na kila wakiibadilisha wanaandika lilelile, mtoto wa kiume wa. Nikiiona hiyo plasta naikumbuka ile korido.

Bibi yako.

*

Kambini, 23 Juni

Bibi, shikamoo.

Nimesoma barua yako peke yangu, nyuma ya matangi. Nisamehe nilivyokuandikia ile nyingine. Kumbe mdomo wangu ulikuwa unawasomea watu majina ya watoto wako kama magazeti.

Nimekaa siku tano natafuta jina na sipati. Nafungua kichwa, ndani kuna bomba tu. Jana wenzangu waliniuliza una nini, Baba Feruzi, nikawaambia msiniite hivyo, wakataka kujua kwa nini, nikawaambia yote. Mpishi akachukua mfuniko wa sufuria akapita kwa kila mtu na kalamu, kila mmoja aandike jina moja kwenye kikaratasi. Walioshindwa kuandika walisema wakaandikiwa. Yapo ishirini na matatu, nimeyatia yote kwenye bahasha hii.

Mpishi kaandika Shibe. Mlinzi wa lango kaandika Zamu, anasema mtu akiwa zamu halali. Dereva wa winchi kaandika Nyanyua, wakamcheka, yeye hakucheka. Fundi wa vipimo kaandika Kadiri. Kuna Imara, kuna Tegemeo, kuna Ahueni, kuna Mbele. Msimamizi, ambaye sikumwomba, alileta chake mwenyewe jioni kimekunjwa mara nne: Ruhusa. Aliniwekea mkononi akaondoka.

Mimi kati ya hayo siwezi kuchagua. Nikishika hili naona nimemnyang'anya lile. Chagua wewe lolote, ni ya watu walio hai, wote wapo, nimewaona leo asubuhi wakinywa chai. Mwandikishe hilo. Mimi baba nimelikubali kabla sijalijua.

Daraja bado.

*

Nyumbani, 11 Julai

Mume wangu,

Marahaba. Shangazi yako anakusalimia. Vifaranga vilitoka saba, sasa vinazunguka uwanja mzima. Goti sijui, sijaliangalia.

Nakueleza kama lilivyokuwa, usiniruke mistari.

Jumatatu asubuhi nimefika na uji wangu nikakuta watu wanakimbia. Gari la wagonjwa limepatikana, hospitali kubwa wamekubali kumpokea hivyohivyo alivyo, maana rangi yake ilikuwa imebadilika na mimi rangi ile naijua. Mke mwenzangu yuko kwenye dirisha la karani, nikasimama naye. Karani kijana tu, kalamu sikioni, anatafuta kalamu.

"Jina la mtoto?"

"Mtoto wa kiume wa," mkeo akataja lake.

"Huko hawapokei hivyo, dada. Wana watoto wa kiume wa fulani arobaini, watamchanganya. Nataka jina lake."

Sista kashika chupa ya oksijeni, dereva kashawasha gari. Yule sista wa mstari mwekundu akanigeukia. "Bibi, si wewe wanakuita Bibi Majina? Toa moja basi twende!"

Nikafungua mdomo. Walikuja wote, nakuapia. Feruzi alikuja, Tufani alikuja, Adhuhuri, Kipepeo, wamejaa mpaka kwenye meno, kila mmoja anataka atajwe yeye. Nikaufunga. Bibi Majina, mbele ya watu, sina jina. Nilitazama mlangoni labda tarishi anapita na barua yako. Alipita muuza karanga.

Mkeo akasema, "Yupo."

Karani akaandika. Wala hakuinua kichwa.

Nikamvuta kando. "Hilo nani kampa?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ya pili."

"Siku ya pili! Na sisi huku roho juu miezi yote hii, barua zinakwenda barua zinarudi, na wewe umekaa nalo?"

"Hamkuniuliza," akasema. "Mlikuwa mnaandikiana."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafunga kanga tumboni, anajiandaa kupanda gari. Ni sista aliyenieleza, mkono kwenye mlango: kila asubuhi mkeo akifika kwenye kioo hawaulizi anaendeleaje. Anauliza yupo? Wanamwambia yupo. Haulizi la pili. Basi akamwita hivyo, akawa anamwita kwa kile kitundu cha pembeni ya kisanduku wanachopitishia mkono, na masista wote wa zamu walikuwa wanalijua. Mimi peke yangu na uji wangu ndio sikulijua, na wewe.

Kwetu baba ndiye anayetoa jina, nalijua hilo, ulinikumbusha mwenyewe. Kama una neno la kusema na mkeo, ninakuomba ulimeze. Nakuomba mimi.

Ndani ya gari palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na huyo ni mama. Walimpitisha mbele yangu. Plasta mpya, nikamwomba sista anisomee, akanisomea. Sikumgusa. Mlango ukafungwa, saa nne, wakaondoka.

Barua yako ililetwa siku hiyohiyo saa nane. Fundi kaja nayo mwenyewe mpaka nyumbani, kafunga duka. Alinisomea vile vikaratasi vyote ishirini na vitatu, kimoja kimoja, na kingine nilimwambia rudia. Zamu nimelipenda. Hilo la dereva wa winchi wasilicheke. Waambie wote ahsante, na waambie kwamba yalichelewa saa nne tu, si kosa lao, na si kosa la lori. Vikaratasi nimeviweka. Sijui vya nini, lakini siwezi kutupa.

Leo ni siku ya tano. Hatujui kitu. Shangazi yako kaenda mara mbili kwa yule karani, anaambiwa huko wakiwa na neno watasema. Simu ya mkeo haiiti. Jirani wa tango anasema kukosa habari ni habari njema; nikamwambia wewe endelea kupaka rangi. Ningekuwa na la kufanya ningelifanya, mume wangu. Kama wangeniambia fagia kutoka hapa mpaka huko ningeanza saa hii. Hakuna aliyenipa fagio.

Nimekuja hapa dukani kwa fundi kukuandikia, wateja wanasubiri saa zao, nao wanasikia mambo yetu yote, hawana haya. Nikamwambia fundi, unajua mimi jina la mtoto sijapata kulisema kwa sauti? Yote niliyanong'ona. Hili najaribu kulisema hata njia siijui. Akasema jaribu, mama. Mara ya kwanza lilinikwama. Ya pili likatoka dogo. Ya tatu nikaita kama mtu anayeita mtoto aliye uwanjani chakula kikiwa tayari, mpaka wateja wakageuka, na mmoja, mzee mwenye saa ya mfukoni, akaniuliza, "Unamwita nani, bibi?"

Nikamwambia kitukuu changu. Bado hajanisikia.